Tulimpigia Tuvix kura, shoga yangu akaondoka

Shikamoo Shangazi,

Nakuandikia kuhusu kikundi chetu cha kutazama tamthilia za sayansi ya kubuni. Najua wapo watakaosema hili si tatizo la kumwandikia mtu, lakini limeninyima usingizi kwa majuma matatu, na limewatenganisha watu wawili ninaowapenda sana.

Tuko saba. Tunakutana kila Jumamosi jioni, tunatazama sehemu mbili, na katikati tunapumzika kama robo saa tukijadili. Tulianza na Star Trek ya mwaka 1966, tukaimaliza, na sasa tuko kwenye Star Trek: Voyager. Mimi ndiye ninayepanga ratiba, ninayeshika rimoti, na ninayesema "haya, tuendelee" mjadala ukirefuka. Wamo kaka yangu, aliyenifundisha kuzipenda hadithi hizi tangu nikiwa mdogo, na shoga yangu wa tangu shule, ambaye nilimleta mimi.

Majuma matatu yaliyopita tulifika "Tuvix", sehemu ya 24 ya msimu wa pili. Kwa wasomaji wako ambao hawajaiona: chombo cha angani kiitwacho Voyager kimetupwa mbali, na safari ya kurudi nyumbani itachukua miaka kama 70. Tuvok, afisa usalama asiyeonyesha hisia, na Neelix, mpishi mchangamfu, wanashuka kwenye sayari kukusanya maua. Wanaporudishwa kwa transpota, ile mashine inayomgeuza mtu kuwa chembechembe na kumjenga upya kwingine, anatokea mtu mmoja badala ya wawili. Maua waliyobeba huzaliana kwa kuunganisha viumbe, na yamewaunganisha wao. Mtu huyu mpya ana kumbukumbu zote za wawili hao. Anajiita Tuvix, anashika kazi ya usalama na ya jikoni pia, na wenzake wanampenda. Baada ya majuma machache Daktari anapata njia ya kuwatenganisha. Tuvix anakataa, anasema anataka kuishi. Kapteni Janeway anaamua atenganishwe hata hivyo. Daktari anagoma, maana hawezi kumdhuru mgonjwa asiyeridhia, basi Janeway anaendesha mtambo kwa mikono yake mwenyewe. Tuvok na Neelix wanarudi. Janeway anatoka nje, anatembea kwenye korido, uso mzito, na hadithi inaishia hapo.

Shoga yangu alisema ule ni uuaji, na kwamba kilichomuuma zaidi ni wale waliokuwa kwenye chumba cha usukani, Tuvix anawaomba hata mmoja aseme neno, nao wako kimya. Kaka akajibu kwamba Tuvok na Neelix hawakuwa na namna ya kujisemea, wana watu wao wanaowalilia, na nahodha hana nafasi ya kukwepa kuamua. Shoga yangu akamwambia, "Basi na wewe ungesimama pale ukitazama anavyopelekwa." Kaka akamjibu, "Ungekuwa umewahi kubeba uamuzi mzito hata mmoja, usingesema hivyo."

Sauti zilikuwa zimepanda. Nikataka tumalize. Nikasema tupige kura kwa mikono: nani anaona Janeway alifanya sawa? Ikawa watano kwa wawili. Mmoja wetu akapiga makofi. Skrini ilikuwa bado imesimama kwenye uso wa Janeway. Shoga yangu akachukua mkoba wake, akatuaga kwa adabu zote, akaondoka kabla ya sehemu ya pili.

Usiku ule kaka akatuma kwenye kikundi chetu cha simu picha ya Janeway iliyoandikwa "Watano kwa wawili". Asubuhi shoga yangu alikuwa ameshajitoa. Nilipompigia alisema atarudi siku kaka atakapomwomba radhi. Kaka anasema hawezi kuomba radhi kwa maoni juu ya watu wasiokuwepo duniani. Si mtu mbaya, Shangazi. Mama yetu alipolazwa mara ya mwisho, miaka miwili iliyopita, yeye ndiye aliyewaambia madaktari kwa niaba yetu sote kwamba asipasuliwe tena. Lakini hilo ni la nyumbani, halihusiani na Tuvix.

Nimefikiria kuiacha Voyager tuhamie tamthilia nyingine. Nimefikiria kugawa kikundi kiwe viwili. Nimefikiria kupiga marufuku mijadala, tutazame tu. Na nimefikiria kumbembeleza kaka aombe radhi hata kama haamini, yaishe. Nani kati yao anapaswa kushuka kwanza? Na mimi nisimame wapi?

Mshika Rimoti

*

Marahaba mwanangu, na pole. Pole kwa Jumamosi zako, na pole pia kwa mama. Nimesoma mstari huo mmoja uliomtaja, na nitaurudia kwa sababu nadhani umeupita haraka.

Unavyolieleza jambo, kuna mmoja anayedai radhi na mwingine asiyeona kosa, nawe uko katikati unatafuta wa kushuka. Kabla hatujafika huko, tuitazame hadithi yenyewe, maana unaandika kama mtu anayeona aibu kwamba watu wazima wamegombana kwa ajili yake. Usione aibu. "Tuvix" ilirushwa Marekani tarehe 6 Mei 1996, na mpaka leo wapenzi wa Star Trek hawajakubaliana juu yake. Mnagombana kwa sababu walioitengeneza waliziba kila mlango wa kutokea.

Angalia walivyoziba. Wangeweza kumfanya Tuvix awe mgonjwa, na uamuzi ungekuwa mwepesi. Wangeweza kumfanya awe hatari. Badala yake wakamfanya mtu mwema, hodari kuliko wawili aliotokana nao. Kisha upande wa pili wakaweka uzito uleule: Tuvok ana mke na watoto wanne nyumbani, na Neelix ana mpenzi wake, Kes, ambaye Tuvix anamjia na kumbukumbu za mapenzi asiyoweza kuyapokea. Kes anaombwa na Tuvix amtetee kwa nahodha, naye hawezi, kwa kuwa anamtaka Neelix wake. Hakuna hata mmoja anayetaka kitu kibaya. Hata njia ya ujanja haikuzungumzwa: mwaka 1993, katika "Second Chances" ya Star Trek: The Next Generation, transpota ya namna hiyohiyo ilishatoa wawili kutoka kwa afisa mmoja aitwaye Riker, na wote wakaishi. Mtazamaji anayeikumbuka sehemu hiyo anabaki anajiuliza kwa nini hakuna anayeitaja.

Halafu ikakatwa. Korido, uso, mwisho. Sehemu inayofuata, "Resolutions", iliyorushwa juma moja baadaye, haimtaji Tuvix hata kwa jina. Tamthilia nyingi za televisheni za miaka ile zilijengwa hivyo, kila sehemu ijitegemee ili kituo kiweze kuirudia bila kujali mpangilio. Matokeo yake ni kwamba maombolezo, lawama na kuulizana, mambo ambayo yangetokea melini siku ya pili yake, hayakuandikwa. Yaliachiwa sebule za watazamaji. Ninyi saba mlikuwa mnaumalizia mwisho ambao hadithi haikuumaliza, na kazi hiyo haiishi kwa robo saa ya mapumziko.

Sasa nirudi kwenye maneno yao, kwa vile umeyaandika kwa uangalifu na nakushukuru. Yasome tena polepole. Shoga yako alianza kwa kuita kitendo kile uuaji, lakini aliposema kilichomuuma zaidi hakumtaja Janeway. Aliwataja waliokaa kimya. Kaka yako naye hakuwatetea waliokaa kimya, alimtetea aliyeamua. Mmoja anauliza: mtu akiomba msaada mbele ya watu, wanaotazama wana deni gani? Mwingine anauliza: asiyeweza kusema, nani amsemee? Hayo ni maswali mawili. Mtu anaweza kuamini kwamba Janeway alilazimika, na papo hapo akaamini kwamba wale waliomezwa na ukimya walikosea. Hawakuwa wanapingana. Kila mmoja alikuwa anapigana na jibu la swali ambalo mwenzake hakuulizwa.

Maswali haya huchanganyika kila mara "Tuvix" inapojadiliwa, na yapo zaidi ya hayo mawili. Kuna swali la kama Tuvix ni mtu kamili mwenye haki yake au ni ajali inayopaswa kurekebishwa. Kuna la kama nahodha wa chombo kilichopotea, asiye na mahakama wala mkubwa wa kumwuliza, anaruhusiwa kuamua peke yake. Kuna la kama sehemu yenyewe imeandikwa vizuri. Na kuna la "mimi ningefanyaje". Mwenzako akijibu la nne nawe ukadhani anajibu la kwanza, utamwona hana huruma. Dawa yake ni ndogo: kabla ya mtu kusema jibu, aseme anajibu swali lipi.

Kisha ikaja kura.

Naelewa kwa nini uliiita. Sauti zimepanda, rimoti iko mkononi mwako, unataka amani. Lakini hebu kumbuka kilichokuwa kimetoka kupita kwenye skrini dakika chache kabla. Tuvix anazunguka kwenye chumba kile, anamtazama huyu, anamtazama yule, anatafuta mkono mmoja upande wake. Shoga yako akakuambia wazi kwamba hapo ndipo palipomuuma. Halafu akakaa sebuleni, akaona mikono mitano ikinyooka, akasikia makofi. Hukukusudia hata kidogo, na sikulaumu, ila nadhani uliirudia ile picha mbele yake, na safari hii aliyekuwa anazitazama nyuso ni yeye. Huenda ndiyo maana aliondoka kwa adabu. Mtu aliyekasirishwa na hoja hubaki abishane. Aliyejiona amebaki peke yake huchukua mkoba.

Hapo nikuulize jambo. Mko saba, na kura ilikuwa watano kwa wawili. Tano na mbili ni saba. Basi mkono wako nao ulihesabiwa, na barua nzima hukusema ulikuwa upande upi.

Sikuulizi ili nikubane. Nakuuliza kwa sababu mambo mengi yanabadilika hapo. Kama ulikuwa kati ya watano, shoga yako hakumwona kaka yako tu, alikuona na wewe, uliyemleta, na huenda anadai radhi kwa kaka yako kwa kuwa ni rahisi kuliko kuidai kwako. Kama ulikuwa mmoja wa wale wawili, basi alikuwa na mwenzake ndani ya chumba kile, naye mwenzake akatangaza matokeo kisha akanyamaza. Vyovyote iwavyo, huko katikati unakojiweka hukuwapo. Msimamizi wa mjadala akipiga kura, usimamizi umekwisha.

Na sasa mama yenu.

Umeandika kwamba kaka ndiye aliyesema kwa niaba yenu asipasuliwe tena, kisha ukaongeza kwamba hilo halihusiani. Huenda ni kweli. Mimi simjui kaka yako, na ni kosa kubwa kumtungia mtu majeraha kutokana na barua moja ya dada yake. Lakini sikiliza alichosema usiku ule: wasioweza kujisemea, asiyeweza kukwepa kuamua, kubeba uamuzi mzito. Katika sehemu ile, hoja ya Janeway kwa Tuvix ni hiyo hasa, kwamba wale wawili hawapo wajisemee, kwa hiyo yeye ndiye sauti yao. Kisha mtu akamwambia kaka yako kwamba angesimama pale akitazama. Kama ile siku ya hospitali bado inamrudia usiku, sentensi hiyo ilimkuta hana ngao. Na kama haimrudii, basi alikuwa anajadili tamthilia tu, na nitakuwa nimekosea. Anayeweza kujua ni wewe, kwa kumwuliza mkiwa wawili, mahali pasipo na televisheni. Usimwulize "ulikasirika kwa sababu ya mama?" Swali hilo linamfungia jibu. Mwulize tu, "Ile Tuvix ilikugusa wapi?" kisha unyamaze. Kunyamaza ndiyo kazi ngumu. Mpe muda mrefu kuliko unavyodhani unatosha.

Akikufungulia moyo, hilo ni lake. Usilipeleke kwa shoga yako kama utetezi, hata kama unaona lingemaliza ugomvi jioni hiyohiyo. Mwombe ruhusa kwanza, au mwache aliseme mwenyewe. Na usisahau kwamba mama alikuwa wako pia.

Kuhusu shoga yako hujaniambia chochote zaidi ya kwamba ni wa tangu shule, basi sitamtungia. Yawezekana ana sababu yake, yawezekana hana. Mtu hahitaji kuwa na msiba ndipo achukie kuona anayeomba uhai anapelekwa kimya kimya.

Twende kwenye radhi. Kaka anasema haombi radhi kwa maoni, na kwa hilo ana hoja. Lakini ndani ya fungu lenu mna vitu vitatu vilivyofungwa pamoja. Kuna maoni yake juu ya Janeway. Kuna ile "ungekuwa umewahi kubeba uamuzi mzito", ambayo haikumhusu Janeway, ilimhusu shoga yako. Na kuna picha aliyoituma usiku, baada ya mtu kuondoka, iliyogeuza kura kuwa kombe. Cha kwanza hakiombewi radhi. Cha pili na cha tatu vinaweza kuombewa bila yeye kurudi nyuma hata hatua moja kuhusu Tuvix. Wala shoga yako hayuko nje ya hesabu: "na wewe ungesimama pale" nayo ilimlenga mtu. Ukiwaendea na fungu zima, kila mmoja atashikilia kile asichotaka kukiachia. Ukilifungua, huenda kila mmoja akakuta kipo anachoweza kukitoa. Au asikute. Siwezi kukuahidi.

Kumbembeleza kaka aombe radhi asiyoiamini ndiyo njia ninayoiogopa zaidi kati ya zako nne. Watu waliosoma pamoja hawadanganyani kwa radhi za kuazima, na shoga yako anamjua kaka yako kupitia kwako miaka yote hii. Ikionekana imeagizwa, utakuwa umetumia nafasi ambayo haiji mara mbili. Na kama kuna radhi ya kweli, isitolewe mbele ya kikundi kizima. Mbele ya watu watano, mwombaji anacheza na mpokeaji analazimika kutabasamu.

Kuhama Voyager kunaonekana kwepesi. Hatari yake ni kwamba kila atakayeuliza "mbona tuliiacha?" atakuwa anamtaja yeye. Mmebakiza misimu mitano na kidogo, na wengine watainung'unikia. Lakini mapumziko ya majuma mawili matatu, yenye tarehe ya kurudi, ni kitu kingine. Hayo hayamfukuzi mtu.

Kugawa kikundi kunaweza kuwa sawa kama wawili hawa hawataki kuonana kabisa. Jiulize tu nani atakayebaki na nani, na wewe utakuwa wapi Jumamosi. Kupiga marufuku mijadala sikuoni kukifaa kikundi chenu. Robo saa ile ndiyo iliyowaunganisha. Mkiinyima nafasi sebuleni itahamia kwenye simu usiku, na mmeshaona picha moja ya usiku ilivyofanya kazi yake.

Ikiwa watarudi, na ikiwa mtataka kuizungumza "Tuvix" upya, kuna mambo ya kufanya ambayo husaidia kwa sehemu nzito kama hii. Msiizungumze papo hapo. Sehemu ikiisha, zima skrini kabisa, usiache uso wa mhusika umesimama pale, kwani watu huendelea kuujibu. Kila mmoja apewe karatasi na dakika tano, aandike sentensi moja: ni wakati gani katika hadithi mwili wake ulishtuka. Wakati, siyo hukumu. Mzisome kwa zamu bila mtu kujibu. Mtashangaa jinsi watu saba wanavyotaja nyakati tofauti: mmoja Kes analia, mmoja Daktari anarudi nyuma kutoka kwenye mtambo, mmoja Tuvix anawasamehe wenzake, mmoja Tuvok anafumbua macho. Baada ya hapo ndipo mjadala uanze, dakika mbili kila mtu, na kila anayefuata kwanza arudie hoja ya aliyemtangulia mpaka mwenyewe aseme "ndiyo, hivyo". Neno "muuaji" liruhusiwe kwa wahusika wa hadithi. Neno "wewe" liachwe nje. Kura isiwepo. Na siku hiyo rimoti na saa ashike mtu mwingine, ili nawe upate kusema.

Kuna wanaopenda kuifuatisha "Tuvix" na sehemu ndugu yake, ili watu wabishane na hadithi badala ya kubishana wao kwa wao. Iliyo salama kwenu ni "The Enemy Within" ya mwaka 1966, ambayo mmeshaiona. Humo transpota inafanya kinyume, inamgawa Kapteni Kirk kuwa wawili, na nusu isiyotakiwa inalia kwamba inataka kuishi kabla ya kuunganishwa tena. Waulize kwa nini kule watu wengi hupumua na huku hushindwa. Ila waambie mapema kwamba ina tukio la shambulio la kingono dhidi ya Rand, mmoja wa wafanyakazi wa chombo, na utani wa mwisho juu yake haufai. "Similitude" ya tarehe 19 Novemba 2003, kutoka Star Trek: Enterprise, iko karibu zaidi, kwani kuna kiumbe aliyekuzwa ili mwingine apone, naye anataka kuishi. Lakini imo katikati ya msimu wa tatu wenye hadithi moja ndefu, na anayeingia hapo bila kuanzia mwanzo hupotea. "Latent Image" ya mwaka 1999 inamweka Daktari na Janeway kwenye swali linalofanana na hili, na ni Voyager yenyewe, lakini iko msimu wa tano, itawaonyesha nani bado yumo melini na nani hayumo. Ingojeeni. Nayo "Twovix" ya mwaka 2023, ya katuni ya Lower Decks, inaufanyia utani mgogoro wote huu. Ni nzuri kwa watu waliokwisha kupatana. Kwa sasa mtu yeyote asiitume kwenye simu.

Umeniuliza nani ashuke kwanza. Sina jibu la hilo, na nina wasiwasi kidogo na swali, kwa kuwa linakutoa wewe kwenye orodha. Kuna kitu kimoja ambacho hakimngoji kaka wala shoga yako, nacho ni kura. Hiyo uliiita wewe. Unaweza kumpigia simu shoga yako kesho ukamwambia hilo pekee, kwamba uliita kura wakati usiofaa, na mkono wako ulikuwa wapi, bila kumtaja kaka na bila kumwuliza atarudi lini. Huenda akakuuliza kuhusu kaka. Mwambie umemwandikia mtu barua, bado unafikiri. Huenda pia akanyamaza, au akakwambia jambo ambalo hukulitarajia juu ya jioni ile, na likauma. Likiuma, usilijibu siku hiyohiyo.

Na kwa kaka yako usiende na ujumbe wa shoga yako. Nenda kama mdogo wake. Alikuonyesha hadithi hizi ukiwa mtoto, bila shaka mlikaa mkizungumza kuhusu Kirk na Spock mpaka mama akawaambia mkalale. Anzia huko, na uone kama atapenda kuongea.

Shangazi